Kidole cha Mti wa Mpekani

Stafford, 9 Februari 2025

Kwa Mjomba Wilondja,

Shikamoo Mjomba. Kwanza nauliza hali yako na ya Mama Élodie, na kama kikohozi chake kimetulia baada ya ile baridi ya Euless. Sisi tupo. Mama analalamika magoti, lakini bado anakwenda Missouri City kumhudumia yule bibi, na Jumapili aliimba na kwaya mpaka mwisho bila kukaa. Mdogo wangu Nathanaël amefaulu hesabu. Ukimpongeza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, tena akiwa ameshafika mlangoni.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu hunipi nafasi ya kumaliza. Unacheka, unasema hakuna shida, halafu unampa Mama Élodie simu. Jambo hili nataka ulisome lote.

Unajua kwamba nimepata kazi ya ukarani katika karakana moja hapa Stafford. Wanatengeneza kwa mikono vyombo vya ibada vya Wayahudi: vikombe vya fedha vya divai ya Sabato, visanduku vya manukato, taa za matawi, na vibweta vyembamba vya kupigilia kwenye miimo ya milango, vyenye maneno ya Torati ndani yake. Mwenye karakana ni Bi Tova, sonara wa miaka mingi. Mimi napokea oda, nafungasha, najibu wateja. Bado niko katika miezi ya kujaribiwa, na Bi Tova hasemi kama ameridhika au la. Hupita tu nyuma ya kiti changu, nami nafuta hata sentensi niliyoiandika vizuri.

Imekuja oda ya yad. Kwa Kiebrania neno hilo ni mkono. Ni fimbo fupi yenye mkono mdogo mwishoni, wa kuongozea macho wakati wa kusoma Torati. Yale maneno huandikwa kwa wino juu ya ngozi, na msomaji hayagusi kwa kidole chake. Mwenye kuutumia ni msichana wa miaka kumi na miwili ambaye tarehe 7 Juni atasoma mbele ya sinagogi nzima kwa mara ya kwanza. Mbele ya nyumba yao palikuwa na mpekani, mti wa matunda ya kokwa, alioupanda babu wa babu yake, na kimbunga cha mwaka jana kikauangusha. Wanataka mkono uchongwe kwa mti huo, halafu Bi Tova aufulie mpini wa fedha. Mchongaji wao wa siku zote amestaafu. Bi Tova aliuliza kama kuna anayemjua mtu, nami kabla sijafikiri nikasema namjua mmoja wa Euless.

Tangu hapo usingizi wangu si mzuri. Mti wenyewe umebaki vipande vitatu, nami nimekutumia vyote. Vingine vilishakatwa kuni. Mchoro umo ndani ya boksi. Tafadhali ufuate ulivyo: mkono wa kulia, vidole vimekunjwa, cha kuonyeshea peke yake kimenyooka. Usiongeze kitu, Mjomba. Nakuomba kwa heshima zote.

Mpwa wako,
Kethia


Euless, 3 Machi 2025

Kethia mtoto wa dada yangu, karani wa watu,

Marahaba. Bahasha yako ilikuwa imeandikwa kwa unadhifu hata Mama Élodie akadhani ni ya mahakama, akatafuta kiti kwanza ndipo akaifungua. Kikohozi kimekwisha. Élodie amehamia zamu ya usiku kwenye hoteli, kwa hiyo mchana tunatembea humu ndani kama wezi. Mwambie dada yangu magoti hayatibiwi kwa kuimba.

Mti wako nimeupokea. Ni mgumu lakini hauna kiburi; ukiufuata mshipa wake, unakuruhusu. Nilikaa nao kwenye baraza la nyuma Jumamosi nzima. Jirani alitoka mara mbili kusikiliza nyundo, mara ya tatu akaleta kiti. Kethia, kule ghalani napakua mizigo inayoshuka uwanja wa ndege, sanduku baada ya sanduku, na sijui hata moja lina nini. Tangu tutoke kambi ya Nyarugusu sijashika patasi ila kutengeneza kabati la mchungaji. Mikono yangu ilifurahi mpaka nikaona aibu.

Mimi sichongi nisichokiona, unalijua hilo. Kwa hiyo nimechukua kioo cha Élodie, nimekiegemeza kwenye ndoo, mbele yake nikaweka mkono wangu wa kushoto. Kioo kinanipa wa kulia.

Sasa, ule mchoro. Umenichorea mtu anayegombana. Kwetu hata mtoto aliyefanya upuuzi hatumwonyeshi kidole, sembuse neno la Mungu. Nimekifungua kiganja, kama mtu anayemwonyesha mgeni kiti. Utakiona. Hata mistari ya kiganja imo.

Mwulize Bi Tova, kama mkono huu utampendeza, kuna mwingine? Mimi ghala naweza kuliacha hata kesho asubuhi. Na je, umemwambia kwamba mimi ni mjomba wako?

Wilondja


Stafford, 14 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu kwa kikohozi kilichokwisha. Hapa Mama ana mafua, si makubwa.

Mkono umefika. Ni mzuri kuliko kitu chochote kilichomo katika karakana hii, nasema kweli, nami nilipoutoa kwenye pamba nilitaka kulia. Lakini siwezi kumpelekea Bi Tova. Nimeujaribu juu ya Biblia ya Mama. Kiganja kilichofunguka kinafunika mistari minne kwa pamoja. Yule msichana atakuwa amesimama mbele ya watu wake wote, maandishi hayana irabu wala nukta, na anahitaji kujua neno moja analosoma ni lipi. Kidole hakigombani na mtu, Mjomba. Kinafuata mstari tu.

Nimeuficha kwenye droo yangu chini ya lebo. Bi Tova aliponiuliza nikamwambia kifurushi kimechelewa njiani. Kila akisimama karibu na meza yangu nahisi droo inaongea. Kama oda hii ikiharibika, hawatanihitaji tena hapa, na wewe hutapata ya pili.

Tafadhali chonga kile kilichochorwa. Vipande vimebaki viwili.

Kuna jambo uliuliza kuhusu mimi na Bi Tova. Nitalijibu nikipata nafasi.

Kethia


Euless, 21 Aprili 2025

Kethia,

Pasaka imepita salama. Mama Élodie alipika pondu ya majani ya muhogo mpaka jirani mwenye kiti akaja na sahani. Poleni na mafua, natumaini yamekwisha. Élodie bado usiku.

Kuhusu kuchelewa, usinisumbue. Mambo yalikuwa mengi, halafu yakawa machache. Kazini wamenipa mapumziko kidogo, niko nyumbani hata Jumatatu. Mama Élodie amekuwa mkubwa wangu. Ananifunga vifungo vya shati kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Tunagombana siku nzima, ni raha.

Mkono wa pili huu hapa. Umetaka kidole, nimekupa kidole. Kimejikunja kidogo, na usianze kupiga kelele kabla hujasoma. Kule kwetu Fizi boga changa halionyeshwi kwa kidole kilichonyooka. Ukilionyesha hivyo linaoza kwenye mche. Unakunja kidole, unalionyesha kwa kifundo. Mwulize mama yako. Sasa, mimi nimemsikia mchungaji akisema kwamba Wayahudi wanaiita Torati yao mti wa uzima. Kitu kilicho hai kinaonyeshwa kwa adabu. Waambie hivyo, watafurahi.

Hukunijibu nilichouliza. Bi Tova anajua mimi ni nani wako?

Wilondja


Stafford, 30 Aprili 2025

Mjomba Wilondja,

Shikamoo. Sote ni wazima.

Nimemwuliza Mama habari ya maboga. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema ni kweli, yeye mwenyewe alichapwa kwa ajili hiyo, na wewe ndiye uliyemsemea kwa bibi. Kwa hiyo sikatai desturi. Lakini hili si boga. Ni oda ya mteja iliyochorwa, ikapimwa, ikakubaliwa kwa maandishi. Nimeuweka mkono wako juu ya mstari, na kile kidole kinageuka pembeni kama kinatafuta kitu kilichoanguka sakafuni. Mtu akikifuata atasoma maneno ya mstari wa jirani.

Wiki sita nimengoja. Wiki sita nimemwambia Bi Tova uongo mpya kila Ijumaa, nami sijui kusema uongo, naurudia usiku ili nisiusahau. Yule mama wa msichana amepiga simu tena. Anasema binti yake anafanya mazoezi kwa kutumia penseli. Nilimwambia mkono unakaribia. Nilipoweka simu chini nilikwenda chooni nikanawa uso.

Nilikwambia usiongeze kitu. Mara ya kwanza ukaongeza adabu, mara ya pili ukaongeza maboga. Nakuheshimu, lakini niambie, kuna ugumu gani kunyoosha kidole kimoja?

Kipande kimebaki kimoja.

Kethia


Euless, 7 Mei 2025

Kethia,

Msalimie mama yako.

Barua yako nimeisoma mara moja, inatosha. Mama Élodie alitaka kuisoma nikamkatalia.

Tafuteni mchongaji mwingine. Texas ni kubwa. Kipande cha tatu sijakigusa, kiko juu ya friji, nitakituma Élodie akiwa na nafasi ya kwenda posta. Umeuliza kuna ugumu gani. Upo.

Wilondja


Stafford, 12 Mei 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, na salamu kwa Mama Élodie, ambaye sasa namwelewa zaidi kuliko nilivyomwelewa wiki iliyopita.

Ijumaa Bi Tova alikosa gundi. Nilikuwa stoo nafunga vikombe. Niliporudi, droo yangu ilikuwa wazi na lebo zimo sakafuni. Mikono yako yote miwili ilikuwa mezani juu ya kitambaa chake cha kazi. Nilisimama pale na boksi tupu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri namna nitakavyomwambia Mama kwamba nimefukuzwa.

Hakuuliza kwa nini nimeificha. Alivaa miwani yake ya kufulia fedha, akauinua ule wa kiganja, akaugeuza, akaurudisha. Akauinua wa kidole kilichopinda, akakaa nao muda mrefu. Kisha akaweka mkono wake mwenyewe kando yake na kujaribu kukunja kidole vile vile. Hakikukunjika. Akakisukuma kwa mkono mwingine.

"Huyu kavunjika lini?" akaniuliza.

Nikamwambia ni desturi ya kwao, nikaanza habari ya maboga. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akanionyesha. Kifundo cha kati kimevimba upande mmoja tu. Ukucha umepasuka kuanzia kwenye nyama. Ncha imelala upande ambao kidole kizima hakiwezi kulala, hata ukikilazimisha. Akasema mtu anaweza kubuni mkono mzuri, lakini kiungo kama hiki hakibuniwi. Aliyekichonga alikuwa anakitazama.

Kisha akauweka ule wa kwanza kando ya wa pili. Mistari ya kiganja ilikuwa ile ile pale inapoonekana. Hapo nilikumbuka kioo: yote miwili ni ule ule mkono wako wa kushoto.

"Ulisema mchongaji ni nani?"

"Ni mjomba wangu," nikasema. "Ndugu wa mama yangu."

Nilikuwa nimelificha hilo tangu Februari. Nilihofia wataniona karani ambaye hata kiti hakijapata joto, tayari anaingiza ndugu. Uliniuliza mara mbili, nikaogopa kukujibu. Sasa nilitegemea aseme jambo hilo hilo. Hakulisema. Alivua miwani akanitazama.

"Na hukujua?"

Mjomba, ingekuwa nafuu anifukuze. Umeandika kwamba uko nyumbani Jumatatu. Umeandika kwamba unafungwa vifungo. Mimi ninayesoma kila herufi ya mteja mara tatu nikayapita hayo yote nikitafuta habari ya oda. Halafu nikakuuliza kuna ugumu gani.

Lakini na wewe. Mkono ule umeuchonga ukauweka kwenye pamba ukanitumia, na maboga juu yake! Ulitaka nijue au ulitaka nisijue? Nimekasirika, nami sijui nikasirikie nini kwanza.

Usitume kipande cha tatu. Jumamosi napanda basi la asubuhi kuja kwenu. Husemi unachonga unachokiona? Nitakuletea mkono wa kutazama. Ni wa kulia, hutahitaji kioo.

Kethia


Euless, 24 Mei 2025

Kethia mama,

Natumaini ulifika salama na lile basi lilikuwa na hewa. Mama Élodie anauliza kama samaki aliyekufungashia alifika au alimwagika. Jirani naye anauliza habari zako, hasa kama una mchumba. Nimemwambia una oda.

Mkono umekwisha, umo ndani. Mama Élodie ndiye aliyenishikia mti, maana mkono wangu wa pili kwa sasa ni wa kupunga tu. Kila patasi ikiteleza ananitazama kama nimemtukana mama yake. Usinisifu mimi peke yangu.

Sasa nikueleze ulivyonitesa. Kukaa na wewe siku ile ni kama kuchonga kuku aliye hai. Nilikuambia onyesha mstari, ukaonyesha kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda nje. Nikakuambia bonyeza, ukatetemeka. Ni pale ulipoanza kunigombeza habari ya kidole changu ndipo mkono wako ulitulia. Ulisahau kwamba uko kazini. Ulikuwa umeuweka juu ya Biblia, unanisemesha, na kidole kimenyooka juu ya neno kama msumari. Nikamwambia Mama Élodie kwa macho asikujibu, uendelee. Ndicho hicho nilichochonga.

Kuna kitu kimoja. Unatafuna kucha. Nilianza kukuchongea ukucha mzuri wa bibi harusi, na mara moja mkono ukawa wa mtu nisiyemjua. Nikaukata. Nimechonga ulivyo, umetafunwa kushoto zaidi ya kulia. Mwambie Bi Tova asipitishe msasa pale. Akiupitisha ameua.

Lile uliloniuliza mezani, kidole kilivunjwa na nini, nilikujibu. Ulikuwa mlango.

Wilondja


Stafford, 8 Juni 2025

Mjomba wangu Wilondja,

Shikamoo. Samaki alifika, na Nathanaël alimla akasema kwa Kiswahili kwamba ni mtamu. Mwambie Mama Élodie. Magoti ya Mama ni yale yale.

Bi Tova aliupokea mkono mbele yangu. Aliupima kwenye mchoro, urefu, unene, mwelekeo. Alipofika kwenye ukucha akasimama, akanyoosha mkono bila kutazama, akachukua kipande cha msasa mwembamba. Nikamwambia asiuguse. Sikusema tafadhali. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, na yule kijana wa kung'arisha vikombe akazima mashine. Bi Tova akaniomba mkono. Nikampa. Akauweka kando ya ule wa mti, akautazama ukucha wangu, akautazama ule mwingine, akarudisha msasa kwenye kopo. Siku ya pili alianza kufua mpini.

Jana nilikwenda. Siku ya Sabato pale hawapigi picha, kwa hiyo sina cha kukutumia, itabidi uniamini. Nilikaa nyuma na Bi Tova. Msichana ni mdogo kwa umbo, walimwekea kijukwaa. Alipouinua mkono wako sauti yake ilikuwa haisikiki. Akauweka juu ya mstari, akaanza. Katikati alipotea. Baba yake akainua kichwa, nami nikashika kiti cha mbele yangu. Lakini kidole hakikuwa kimepotea. Kilikuwa pale pale juu ya neno aliloliacha. Akakitazama, akalisoma tena neno lile, akaendelea mpaka mwisho. Watu wakaimba.

Wakati wa kutoka Bi Tova aliniambia oda mbili za mikono zimeingia, na kwamba kazi yangu ni ya kudumu. Alilisema la pili kama mtu anayetaja hali ya hewa. Anataka kukuita Stafford ukae hapa karakana, si kwenye baraza. Lakini anataka kwanza kidole kionwe na daktari anayemfahamu, na daktari atauliza kilivunjwa na nini, na je, ghala linajua.

Mlango, Mjomba? Uliposema mlango, Mama Élodie aligeuka akakoroga sufuria ambayo moto wake ulikuwa umezimwa. Uko nyumbani tangu Aprili na hakuna karatasi hata moja ya hospitali mezani kwenu. Nimeuliza kwa upole, nimeuliza kwa kugombeza, nawe umenichonga nikiwa nagombeza. Mama anauliza. Bi Tova anauliza. Jumatatu atasimama tena nyuma ya kiti changu, na safari hii nitageuka nimwangalie, lakini sina la kumwambia.

Kwa hiyo nakuandikia kwa unadhifu wangu wote: kilivunjwa na nini, siku gani, na nani alikuambia unyamaze?

Mpwa wako anayekungoja,
Kethia